Ukungu Uliokuwa Wangu Peke Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na nyinyi mliokaa nyuma karibu na mlango pia.

Mimi nilizaliwa Asembo na mtoto wa jicho, macho yote mawili meupe. Nikiwa mdogo nikapasuliwa Kisumu. Kitu cha kwanza kuona ilikuwa kuku mwekundu nje ya wodi. Kuku nilimjua kwa sauti tu. Hakuna mtu aliwahi kuniambia ana rangi. Lakini hiyo ya kuku tuiache, ama tutalala hapa.

Nimezeeka nikianika omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, ufuoni Luanda Kotieno. Omena haianikwi kabla ukungu wa ziwa haujaisha, itaoza. Basi mwaka jana ukungu ukaanza kukawia. Kila asubuhi nakaa juu ya ndoo yangu, nangoja. Ilikuwa kama kuota macho yakiwa wazi: maji hayana mwisho, watu wanapita kama moshi. Nilipapenda, sitawadanganya. Karibu saa sita ndipo dunia inarudi.

Mama Akinyi, tunayeanika pamoja, akanisimamia, akaniita binti wa Asembo kwa Kijaluo. "Nyar Asembo, umeolewa na hiyo ndoo? Omena yako inanuka."

"Nangoja ukungu uishe."

"Ukungu gani? Yangu imeshakauka upande mmoja."

Ndugu zangu, nilishikwa na baridi juani. Ukungu ulikuwa ndani yangu. Nikaomba: Mungu, usinirudishe kwa kuku wa sauti.

Daktari wa macho akanieleza polepole. Upasuaji wa utotoni uliniokoa, lakini ulichosha konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Sasa kimeshindwa kutoa maji. Nikilala kinavimba, mchana kinakauka kidogo. Dawa ya matone ilisaidia, halafu ikashindwa. Ikabidi niwekewe, jicho moja kwanza, konea ya mtu aliyefariki. Niliogopa. Nilifikiri nitakuwa naona kwao marehemu, nyumba nisiyoijua. Nikaenda hivyo hivyo, nikiimba kimoyomoyo.

Siku niliporudi ufuoni, weupe mtupu juu ya maji. Nikamuuliza mwenzangu.

"Mama Akinyi, wewe unaona ziwa?"

"Ziwa gani? Leo ni ukungu tu. Keti."

Nikamgeukia. Nikaona maua ya leso yake, moja moja.

Nikaketi kwenye ndoo, nikamshukuru Mungu kwa ukungu wa watu wote. Ile familia iliyonipa konea naiombea bila kujua jina.

Wewe ambaye asubuhi yako inakawia, muulize jirani anaona nini. Kisha mwamini Mungu, uende hospitali; atatembea na wewe. Sasa naomba niondoke, nimeacha omena juani.