Neno «Usije» Lililoganda ndani ya Mashine

Assumani, ambaye benchi la kahawa la mtaa wa Kabondo lilimuita Témoin, yaani Shahidi, aliapa kwa kahawa yake kwamba mambo yote aliyaona mwenyewe, kwa macho haya mawili, mwaka ule majeshi mawili ya wageni yalipopigania Kisangani. Mwishoni mwa benchi alikaa mwanamke mgeni, kikapu cha samaki magotini. Hoja ilikuwa ya siku zote: kwa nini mashine ya parokia, iliyotuma barua kwa redio, iliganda wakati Josué, mwenzao wa benchi, yuko mbali, Ubundu, anauliza kama arudi?

— Maaskari walitia dawa ndani ya waya, alisema Constant, aliyeitwa Docteur kwa kuwa aliwahi kulazwa hospitalini.

Kikombe cha pili, dawa ikageuka mzimu wa mto.

— Mufa maji haachi kutapatapa, akaongeza Docteur. Ordinateur, ile mashine, pia.

Témoin alimcheka. Yeye alikuwapo Isaïe, fundi wa mashine, alipoeleza. Ndani kabisa, kwenye kiini kinachoamuru vyote, programu moja ilishika diski ikingoja redio. Nyingine ilishika redio ikingoja diski.

— Wewe uko na pirogue, miye niko na kasia, alisema Témoin. Unasema, leta kasia kwanza. Nasema, leta pirogue kwanza. Bon, tunalala ngʼambo wote wawili.

Dawa yenyewe Isaïe alikuwa ameshaiandika: kila programu ishike diski kwanza, redio baadaye. Ilibaki kuzima mashine kidogo tu ili kiini kipya kiingie. Foleni nzima ya wenye barua ikakataa, benchi lote likiwa humo. Kila mtu alikuwa na ndugu wa kungojea. Kesho yake mashine ikaganda yenyewe, jibu la benchi, neno «Usije», likabaki tumboni mwake. Josué, kuona kimya, akapanda velo, baiskeli yake, arudi.

— Nilimuona anashuka kwa pirogue, velo begani, alisema Témoin polepole. Akacheka, akanipungia mukono. Kisha bombe ikamuangukia.

Mgeni aliweka kikombe chini.

— Tonton, alivaa shati gani?

Témoin akamtazama Docteur. Docteur akatazama birika, lilikuwa tupu.

— Miye Olga, bibi ya ndoa ya Josué. Nilimufungia mashati mbili. Sijue alivaa gani.

Témoin alitafuta rangi kichwani. Zilimjia nyingi mno, zote nzuri, na kila moja ikamchoma.

— Mama, alisema mwishowe, mashine ni kweli. Foleni ni kweli. Ule mukono wa kunipungia ndio niliutia miye ndani ya habari.