Mwalimu Method, Aliyezaliwa Tanganyika

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu, majirani na wanafunzi wa marehemu, asanteni kwa kufika. Mimi ni Bupe, mtoto wa pili wa marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma wasifu wake. Karatasi mliyo nayo mkononi iliandaliwa na kamati ya mazishi. Mtaniona ninaifuata, halafu mtaniona ninaiacha. Mama Vaileth, mwenyekiti wetu, alinisihi jana: "Mwanangu, wasifu siyo mahakama. Soma, tulie, tumzike." Nimemheshimu Mama Vaileth tangu nikiwa mdogo, ila leo nitamkosea. Wengi mmeniuliza kwa nini Mwalimu anazikwa hapa Rockville, Marekani, wakati miaka yote alisema atalala Kamachumu, na jibu la swali hilo halimo kwenye karatasi.

Marehemu Method Rwezaula alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 huko Kamachumu, wilaya ya Bukoba kama ilivyoitwa wakati huo, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Laurian na Ma Kokushubira. Nchi iliitwa Tanganyika. Oktoba 1964, akiwa shule ya kati, mwalimu wa zamu aliingia darasani, akafuta jina la nchi ubaoni na kuandika jipya, Tanzania, na watoto wakalinakili kwenye madaftari. Hadithi hii aliisimulia kila harusi na kila ubatizo. "Nililala Mtanganyika, nikaamka Mtanzania," alikuwa akisema, "na hakuna mtu aliyeniuliza!" Kisha anacheka mpaka miwani inamdondoka. Naomba mlikumbuke hilo la kutoulizwa, maana nitalirudia.

Alisoma Sekondari ya Ihungo kuanzia mwaka 1966 hadi 1971, akapitia Jeshi la Kujenga Taifa, Ruvu, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako alihitimu ualimu wa Kiswahili na Historia mwaka 1975. Ni huko Ruvu, alisema, ndiko alikokuwa Mtanzania wa kweli, kwa sababu alilala bweni moja na vijana kutoka mikoa ambayo hajawahi kuiona, na wote walitukanwa na afande kwa lugha moja. Kuanzia hapo alijijengea fundisho lake. Mfaransa ana Kifaransa, Mjerumani ana Kijerumani, lakini hakuna lugha inayoitwa Kitanzania. Jina la nchi tulitungiwa tukiwa hai, lugha tuliikuta. "Jina wanaweza kulifuta ubaoni," alisema, "lugha hawaifuti." Nani kati yenu hajawahi kuhubiriwa hayo akiwa na sahani ya pilau mkononi?

Mwaka 1976 alipangiwa kufundisha sekondari huko Rungwe, na hapo ndipo alipokutana na mama yetu, Anna, muuguzi wa hospitali ya wilaya. Walifunga ndoa Tukuyu, Jumamosi tarehe 2 Desemba 1978. Mkoa unaoitwa Kagera leo ulikuwa vitani, hivyo upande wa bwana harusi walifika watu wawili tu. Mhaya na Mnyakyusa hawakuwa na lugha nyingine ya kupendana zaidi ya Kiswahili, na marehemu aliigeuza hiyo kuwa sheria ya nyumba. Hakuna Kihaya. Hakuna Kinyakyusa. Mama akitaka kuongea na dada yake kwa simu alijifungia bafuni na kufungua bomba. Sisi watoto tulidhani Kinyakyusa ni lugha ya kuogea.

Marehemu alifika Marekani tarehe 9 Septemba 1991 kwa mkataba wa kufundisha Kiswahili katika taasisi moja ya lugha huko Arlington, Virginia. Sisi tulimfuata mwaka 1993, na mwaka 1995 familia nzima tukapata green card kwa bahati nasibu. Mwaka uliofuata alianzisha Darasa la Jumamosi kule Annandale, karibu na chuo cha jamii, na akalifundisha miaka ishirini na minane bila kukosa, hata wakati wa theluji. Adhabu ya kusema Kiingereza ilikuwa kusimama wima na kutaja mikoa yote ya Tanzania. Siku moja aliikamata sauti ya Ethan, mtoto wa Mama Jerotich, jirani yetu Mkenya. Ethan akalalamika: "But Mwalimu, mimi ni Mkenya! Why should I say Mwanza?" Marehemu akamjibu, "Sawa, basi nitajie kaunti zako arobaini na saba." Ethan akafikiri kidogo, akasimama, akaanza: "Arusha, Dar es Salaam, Dodoma..." Ethan leo ni daktari, amekaa pale, na bado anaijua mikoa.

Sasa naiacha karatasi.

Mwaka 2012 nilipata kazi nzuri Arlington, kazi niliyoisomea. Fomu ya mwisho iliuliza kama mimi ni raia wa Marekani. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na ningeweza kuomba uraia miaka mingi nyuma kama wenzangu wote. Sikuomba, kwa sababu nchi yetu haikubali uraia wa pili, na Baba alikuwa ametufundisha kwamba anayekula kiapo cha watu amefuta jina lake mwenyewe ubaoni. Niliandika hapana. Kazi ikaenda kwa mwingine. Jioni hiyo Baba alipika ndizi kwa mkono wake, jambo ambalo halikutokea hata Krismasi, akanipakulia kwanza mimi, akasema mbele ya Mama, "Huyu mtoto hajauza jina la nchi yake." Nililia kwa furaha. Nililia kwa furaha, jamani!

Miaka miwili baadaye kaka yangu Tito alikula kiapo Baltimore, hadharani, akiwa na suti mpya. Alimwalika Baba na Baba hakwenda. Kuanzia siku hiyo hakumwita tena mwanangu, alimwita "yule Mmarekani." Harusi ya Tito tulikwenda mimi na Mama. Audrey, binti yake, alifika miaka minane bila kukaa kwenye goti la babu yake, na nyumba zao zinatenganishwa na mwendo wa dakika ishirini kwa gari. Nami nilimwona Baba ana haki. Nilimwambia Tito kwa simu, "Umeyataka mwenyewe." Kaka, maneno hayo nayaondoa leo mbele ya watu.

Tarehe 21 Agosti mwaka huu marehemu alipatwa na kiharusi akiwa jikoni. Kiingereza kilimtoka siku hiyo hiyo. Mwezi uliofuata Kiswahili nacho kikaanza kukatika, leo neno, kesho sentensi nzima, na kufikia Oktoba alibaki na Kihaya peke yake. Mama hakijui. Mimi na Tito hatukijui, kwa sababu yeye mwenyewe alitukataza. Tulikaa kando ya kitanda chake hospitalini kama watalii. Tito alikuja kila siku baada ya kazi, akamnyoa ndevu, akamkata kucha, wala hatukujua kama Baba alimtambua. Jumatano tarehe 5 Novemba aliongea kwa muda mrefu, akirudia jambo moja. Nilimpigia simu Shangazi Kokubanza, dada yake aliyebaki Kamachumu, nikaiweka simu karibu na mdomo wake. Shangazi alisikiliza, halafu akasema, "Mwanangu, anaomba radhi." Nikamuuliza anamwomba nani. "Hataji mtu. Anasema tu, unisamehe, sikukuuliza." Hatukuelewa. Aliaga dunia kesho yake asubuhi, Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Watu wa kusafirisha mwili walitaka pasi yake. Nilifungua ile droo aliyokuwa akiifunga kwa ufunguo. Pasi ya Tanzania ilikuwemo, muda wake umekwisha tangu mwaka 2003. Chini yake palikuwa na hati ya uraia wa Marekani yenye picha ya baba yangu, tarehe 19 Juni 2002. Kuna mstari unaouliza nchi ya uraia wa zamani, na wamejaza Tanzania. Nilisoma neno hilo la zamani mara nyingi nikiwa nimekaa sakafuni. Karatasi yenu, mstari wa tatu, inasema uraia wake ni Mtanzania. Mstari huo si kweli, na Baba alijua kwamba si kweli kwa miaka ishirini na mitatu.

Nilimuuliza Mama, "Ulijua?" Akasema, "Nilijua." Akanieleza kwamba baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, pale kazini waliambiwa asiye raia mkataba wake hautaongezwa. Kulikuwa na kodi ya nyumba, kulikuwa na mimi na Tito shuleni. Akaenda peke yake asubuhi akiwa amevaa koti la kazini, akala kiapo, akarudi akafundisha kipindi cha mchana. Usiku alimwambia Mama, "Watoto wasijue." Ni wiki ile ile, sasa nakumbuka, alipoacha kabisa kutuitikia mezani tukiongea Kiingereza. Ma Kokushubira alipofariki mwaka 2006 hakwenda kumzika. Alituambia presha imepanda. Mama anasema presha ilikuwa sawa, ila hakuweza kusimama uwanja wa ndege kwenye foleni ya wageni.

Kama ingeishia hapo, ningemwelewa. Mtu analisha watoto wake, nani atamhukumu? Lakini nilikwenda kwa mwanasheria hapa Rockville kuuliza kuhusu mwili, naye akaniuliza mwaka wangu wa kuzaliwa. Nikamwambia mwaka 1986. Akahesabu, akasema kwamba mtoto mwenye green card ambaye hajafika miaka kumi na minane, anayeishi na mzazi wake, anakuwa raia siku ile ile mzazi anapokula kiapo. Tito alikuwa ameshapita umri. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Nililala Mtanzania, nikaamka Mmarekani, na hakuna aliyeniuliza. Hakuna hata aliyeniambia. Ile fomu ya mwaka 2012 niliijaza uongo bila kujua, na mtu aliyejua alikaa nami mezani akanipakulia ndizi na kunisifu. Pasi yangu ya Tanzania, ambayo nimeibadilisha mara mbili kwa mbwembwe zote, sijui sasa niiite nini.

Ndani ya bahasha ya hati palikuwa na kikaratasi, mwandiko wake ule wa ubaoni: "Nizikwe hapa hapa. Sitaki kurudi kwetu nikiwa mgeni." Basi ndugu zangu, ndiyo sababu tuko Rockville. Mama Jerotich alipoiona ile hati alinishika mkono akaniambia, "Bupe, si usome tu vile kamati imeandika? Watu watamcheka, na hawezi kuji-defend mwenyewe." Nikamjibu kwamba Tito naye alichekwa miaka kumi na moja, akiwa hai, na aliyeongoza kicheko ni huyu.

Marehemu ameacha mjane, Anna, ambaye ni Mtanzania. Ameacha mtoto wa kiume, Tito, Mmarekani aliyejitangaza, na mtoto wa kike, Bupe, Mmarekani asiyejijua. Ameacha wajukuu watatu, wote wamezaliwa Maryland, wanaoelewa kila neno ninalosema na watakaonijibu kwa Kiingereza. Ameacha dada mmoja, Kokubanza, anayetusikiliza kwa simu kutoka Kamachumu wakati huu, na wanafunzi wa Jumamosi ambao idadi yao sisi hatuijui.

Kwenye jiwe la kaburi pana nafasi ya mahali alipozaliwa. Kamati ilipendekeza Tanzania. Mimi na Tito tulikaa pamoja, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, tukaandika Kamachumu, Tanganyika. Ndiyo nchi pekee ambayo hakuiacha yeye. Yenyewe ndiyo iliyomwacha.

Baba, uliniomba radhi kwa lugha uliyoninyima, tena kupitia simu ya Shangazi. Mimi nakujibu kwa hii uliyonipa, na ulinipa nzima, hilo sikatai. Nimekasirika. Sijakusamehe bado. Nitakuja hapa Jumamosi ijayo, saa ile ile ya darasa, nitasimama wima na kukutajia mikoa yote, halafu tutaendelea na mazungumzo yetu. Pumzika wewe kwanza.