Yakobo Komora, Daktari Aliyekubali Kubebwa

Tarehe 31 Desemba 1957, ndugu yetu Yakobo Komora anastaafu baada ya kuitumikia zahanati yetu ya misheni, hapa karibu na Garsen, kwa miaka ishirini na sita. Cheo chake ni dresa, yaani msaidizi wa tabibu anayefunga vidonda, lakini kuanzia Ozi hadi Hewani watu humwita Daktari, naye zamani hakuwasahihisha.

Tuseme kweli, maana mwenyewe ameturuhusu: tulimwogopa. Alifunga vidonda vizuri kuliko sisi sote, na alijua hivyo. Msaada hakuomba. Gollo, mfagiaji wetu, alifokewa hata kwa ndoo iliyowekwa pasipo mahali pake.

Mwaka 1951 mto ulifurika, barabara ikakatika, na homa ya matumbo ikamlaza Yakobo katika kitanda cha wagonjwa wake. Hakuweza hata kusimama. Sisi wengine tulizidiwa na kazi. Aliyemwosha, akamlisha uji na kumpeleka chooni ni Gollo. Siku ya kwanza Yakobo alimsukuma.

"Niache, nitatembea mwenyewe."

"Daktari," Gollo akamjibu, "ukianguka nitakubeba tu. Bora nikubebe kabla hujaanguka."

Akabebwa mgongoni, huku analia. Baadaye alisimulia kanisani kwamba pale, mgongoni mwa Gollo, jirani yetu Mwislamu, ndipo alipoomba kweli kwa mara ya kwanza.

"Kabla ya hapo nilikuwa nampa Mungu taarifa ya kazi yangu," alisema. "Siku ile sikuwa na neno ila, Bwana, nishike."

Aliyeinuka kitandani alikuwa mtu mwingine. Alimwomba Gollo radhi mbele yetu sote. Akaanza kusema "sijui" bila kuona haya, na kila asubuhi alipiga magoti kabla ya kufungua mlango. Tulidhani unyenyekevu utamfanya mnyonge. Kumbe ulimpa kicheko. Mwaka jana Bi Batula alipomleta mwanawe aliyekwisha kulegea kwa kuhara, Yakobo aliomba kwa sauti huku mikono yake ikifanya kazi bila kusita. Mtoto alipopata nguvu ya kulia, Yakobo aliimba.

Sasa anarudi kwao Hewani kulima mpunga na ndizi, kazi asiyoijua hata kidogo. Mkewe, Tuneya, ndiye atakayemfundisha, na ameshamwonya kwamba shambani hakuna daktari. Yakobo anacheka, anasema yuko tayari kuanza darasa la kwanza.

Ahsante, ndugu yetu, kwa mikono yako na kwa furaha uliyotuambukiza. Bwana uliyemtegemea akutunze wewe na mama Tuneya, na mavuno yenu yawe mengi.