Kaka Yetu, Aliyelipa Riba ya Taifa Kwanza

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mshona nguo. Mimi ni kitinda mimba. Nimeombwa nisome wasifu wake bila kulia, nami nitajaribu, ingawa akili yangu haijakubali.

Alisoma shule ya msingi ya reli, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1990 alihitimu uchumi chuo kikuu. Mama husimulia kwamba siku moja utotoni alimtuma sukari, akarudi mikono mitupu. Njiani alikuwa amepita kwa muuza mkaa kulipa walichokopa. "Dawa ya deni kulipa, mama," alisema. Siku hiyo chai ilinywewa bila sukari.

Mwaka 1991 aliajiriwa wizara ya fedha, akapanda hadi mkuu wa idara ya bajeti. Riba ya deni la taifa hutolewa kwanza. Kinachobaki ndicho serikali kuu na majimbo hugombania. Ofisini kwake hakuna aliyetamka neno kukata. Ombi lililokosa fungu liliandikwa kwa penseli pembeni: mwakani. Rushwa hakuigusa. Waziri alipotaka mkopo mpya wa kulipia mkopo wa zamani, alimwambia usoni, "Mheshimiwa, kukopa harusi, kulipa matanga." Mkopo ulichukuliwa, na riba ikazidi kumeza mafungu ya wengine.

Tarehe 14 Desemba 1996 alimwoa wifi yangu, muuguzi wa hospitali ya jimbo, wakajaliwa mabinti wawili. Mabinti walimwita Bwana Mwakani, maana hata baiskeli ilipata jibu hilo. Mwaka jana, tukiwa mezani, wifi alimwambia, "Baba watoto, mashine yetu ya kusafisha damu imekufa. Wagonjwa wa figo tunawarudisha nyumbani."

Kaka aliweka kijiko chini. "Nikikupa wewe, nimnyime nani? Subirini mwakani."

Wifi akaondoa vyombo.

Ijumaa tarehe 31 Mei 2024 alitoka kazini na homa. Homa tu, jamani! Jumapili figo zikasimama. Mtu aliyepanda ngazi hadi ghorofa ya saba kila asubuhi! Daktari wa hospitali ya jimbo, kijana mpole, hakujua anaongea na nani. "Mashine ni mbovu, mzee. Tuliomba vipuri, wakatuambia mwakani."

Kaka akasema, "Aliyewaambia ni mimi, daktari." Kisha akamgeukia mkewe: "Nisamehe, mama watoto."

"Nyamaza, gari la wagonjwa linakuja," wifi alisema, akamfunika shuka.

Tulimkimbiza jimbo la jirani. Alifariki njiani, alfajiri ya Jumanne tarehe 4 Juni, wifi akiwa bado ameinua chupa ya dripu. Ilibidi nimwambie aishushe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mama yetu na wadogo zake wanne. Ameacha pia wagonjwa wanaoingoja mashine ileile. Baadhi yao wamekuja leo. Wamekaa kule nyuma, miguu imewavimba.

Wenzake wa wizarani mlioko safu ya mbele, tunawashukuru kwa shada. Bajeti itasomwa Alhamisi, na kitabu chake bado kimo mikononi mwenu.

Kaka yetu apumzike kwa amani. Ninyi bado.