Orodha Mbovu ya Bwana Terada

Baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, Bwana Shigeki Terada wa Ofisi ya Majina ya Sauti anastaafu leo, tarehe 31 Machi 2023. Aliingia kiwandani kwetu hapa Hamamatsu mwaka 1985, akapewa meza ya dirishani, na hajaihama. Vyeo vilimpita kushoto na kulia, naye akavipisha kwa adabu.

Ndugu zetu wa mauzo, ambao hadi leo mnauliza ofisi yetu inafanya nini, sikilizeni. Kinanda cha umeme kina sauti mia moja ishirini na nane, kila moja na namba yake. Mtu anayetunga muziki kwa kompyuta hataki namba. Anataka aone “Filimbi” au “Fidla”, abonyeze, isikike. Aliyekaa akapanga majina hayo, kinanda baada ya kinanda, ni Bwana Terada. Akiteleza mstari mmoja, mteja wa Sapporo anabonyeza fidla, anajibiwa na tarumbeta. Kwa kazi hiyo amepewa cheti cha usahihi mara tatu, viwili vikiwa na jina la mtu mwingine.

Kosa lake kubwa ni moja, la mwaka 1994. Kinanda huhesabu kuanzia moja, kompyuta huanzia sifuri. Kwa hiyo kila namba ya orodha lazima itolewe moja. Bwana Terada akatoa. Programu nayo, kwa kiherehere chake, ikatoa tena. Kila jina likawa linaita sauti ya jirani yake.

Mwalimu Otake wa shule ya chekechea kule Kosai alikuwa amechagua sauti ya makofi, ili watoto wanaohitimu waingie ukumbini kwa shangwe. Wakaingia kwa mngurumo wa helikopta. Bwana Terada alimfuata kesho yake na boksi la biskuti za mkunga, yule samaki anayesifika hapa kwetu, akainama kuomba radhi mpaka miwani ikadondoka. “Okota miwani yako, baba,” Mwalimu akamwambia. “Watoto wamekimbia mikono wazi, wanaruka kabisa! Ole wako unirekebishie.”

Kampuni ilirekebisha, kama ilivyopasa. Ila bingwa wetu wa usahihi aliihifadhi ile orodha mbovu kwa ajili ya mteja mmoja, akaihamisha kila programu ilipotoka upya, miaka ishirini na tisa. Kila Machi aliomba ruhusa ya siku moja. Sisi tulidhani ana wajukuu Kosai.

Mimi, Hisae Mizogami, nimekaa meza ya pili kutoka kwake miaka kumi na tisa, na mimi ndiye niliyeifuta. Vuli iliyopita meneja aliagiza tusafishe orodha za kale. Nikakuta moja ambayo mistari yote imekosewa. Nikaifuta, nikafuta na nakala ya akiba, maana mimi ni mtu wa kumaliza kazi. Kwenye kikao cha asubuhi nilipongezwa. Bwana Terada alikuwa hospitali akitibiwa macho, na aliporudi sikuona sababu ya kumsumbua kwa jambo dogo.

Jumatatu tarehe 13 mwezi huu simu ikalia. Chekechea walikuwa wamefanya mazoezi kwa programu mpya, isiyo na ile orodha, na kwa mara ya kwanza makofi yalikuwa makofi. Watoto, walioahidiwa helikopta na kaka na dada zao, waligoma mlangoni wakitazama dari. Mahafali yalikuwa Ijumaa, na ndiyo ya mwisho kwa Mwalimu Otake, kwani naye anastaafu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bwana Terada aliweka simu chini taratibu. “Bi Mizogami,” akasema, “ile ilikuwa mbovu kwa makusudi.”

Akaketi kuiandika upya kwa mkono, kosa baada ya kosa. Nilimwambia kompyuta ingeimaliza kwa dakika moja. Akasema kompyuta ndiyo iliyoanza.

Jumatano jioni nilikagua. Mistari mia moja ishirini na saba ilikuwa imekosewa vizuri sana. Mmoja ulikuwa sahihi, na ni ule wa makofi. Mkono uliozoea kupatia ulikuwa umemponyoka. Nikaukosea mstari huo inavyotakiwa, nikagonga muhuri wangu.

Ijumaa tulikwenda pamoja. Helikopta ikanguruma, mlango ukafunguka, na watoto ishirini na wawili wakaingia mbio wakiwa wamekunjua mikono. Mwalimu Otake alilia. Bwana Terada alilia. Mimi nilikuwa na mafua ya chavua, kama kila mtu mwezi Machi. Makofi tuliyapiga sisi wenyewe, mpaka viganja vikawaka moto.

Kuanzia kesho orodha hiyo iko chini yangu, na meneja akitaka ifutwe, aanze na mimi. Bwana Terada, sijakuomba radhi hadi leo. Naomba sasa, mbele ya kiwanda kizima. Asante kwa miaka yote hii. Macho yakupe raha, masikio yadumu, na maisha yako nje ya lango hili yawe mema. Wenzangu, tafadhali simameni, tumpigie makofi.