Ufunguo wa Oveni

Bi. Nyanchera Ombui amestaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka ishirini na saba katika bekari yetu ya Suneka. Sisi tuliobaki tumepigwa na butwaa, na si kwa sababu ya kustaafu kwake.

Alianza kwa kukanda unga, akapanda hadi msimamizi, na tangu hapo ufunguo wa chumba cha oveni ukakaa shingoni mwake. Ukiugusa, umeyataka. Kila Ijumaa kabla ya jua kutua alifunga, akaenda nyumbani Gesima kuipokea Sabato, na bekari ikalala hadi Jumapili. Mwenye bekari, Mzee Bosire, ni Mkatoliki na alitamani sana kuuza mikate Jumamosi, lakini hata yeye alimwogopa.

Vijana walikuja, wakabeba magunia, wakaondoka. Nani atakaa mahali anapofundishwa kubeba tu? Ijumaa moja mwaka juzi Zaki, kijana wa Kisii mjini, mwepesi wa kazi, naye aliaga. Mzee Bosire akatuambia wazi kwamba huyu akienda, anafunga bekari.

Ijumaa hiyohiyo Bi. Nyanchera aliuvua ufunguo akamvisha Zaki. Mimi wa kupakia mikate nilidondosha trei. Yule Zaki aliyekuwa ameunguza mandazi Jumatatu! Zaki mwenyewe aliuliza itakuwaje akiunguza mikate ya Jumamosi. "Tutakula," alijibiwa, na Mama, kama tunavyomwita Bi. Nyanchera, akaenda zake Gesima. Hakupiga simu hata mara moja, na hilo ndilo lililotutisha zaidi.

Jumapili Mama alirudi akakuta mikate yote ya Jumamosi imeuzwa isipokuwa trei moja nyeusi. Aliketi na Zaki wakaila kwa chai, akimweleza upande ambao moto huzidi. Zaki hakuondoka tena, wala waliokuja baada yake. Bi. Nyanchera akaanza hata kuwauliza vijana maoni yao. Asubuhi ya kwanza tulidhani anaumwa.

Zaki ndiye msimamizi sasa. Ijumaa hii, mara tu alipokabidhiwa rasmi, aliuvua ufunguo akamvisha Mokeira, aliyeajiriwa juzi tu. Safari hii aliyeshtuka zaidi yetu sote ni Bi. Nyanchera. Akachukua mkoba wake. Mokeira akauliza itakuwaje akiunguza.

"Mtaniita," akasema Mama akiwa mlangoni. "Tutakula."

Asante, Mama, kwa kutuamini. Pumzika vyema Gesima, Mungu akupe afya, na majani ya chai shambani mwako yanawiri. Ila simu usiizime. Tukiunguza, tutakuita.