Kitenge Kilichochuja

Gari la Mtowisa lilipoanza kuteremka mlima, Yusto alijifanya amelala ili asipitwe na neno. Mbele yake Mama Fransiska, mwimbaji wa kwaya kule Milanzi, alikuwa amemgeukia jirani yake, Ndimyake, muuza vitenge kutoka Mbeya.

"Vijana wa kwaya wanasema nimechuja. Hivi neno hilo limetoka wapi?"

"Kwenye nguo, mama. Kitenge kikifuliwa sana rangi inatoka, kinachuja. Hapo hakina thamani tena." Alisema kwa uhakika wa mtu mwenye marobota mapya kwenye keria.

"Mimi nilidhani ni kwenye pombe ya ulezi. Tukishaichuja, yanabaki machicha."

"Basi ni yale yale. Machicha yanatupwa."

"Yatupwe na nani? Nguruwe wangu wanayagombania!"

Akafungua mfuko, akatoa kitenge kilichopauka hata maua hayaonekani. "Binti yangu kajifungua juzi. Hiki ndicho kilichowapokea wanangu wote. Hicho kipya chako kigumu, kinamkwaruza mtoto, na rangi inamhamia mwilini."

Ndimyake alikipapasa, akakipapasa tena. Mke wake, alisema taratibu, alikuwa karibu kujifungua. "Vya hivi vinauzwa wapi, mama?"

"Haviuzwi, mwanangu. Kamwombe mama yako."

Gari likasimama Mtowisa. Mama Fransiska akashuka akiimba kwa sauti ileile iliyochuja, na Yusto akaitikia kiitikio, akasahau kabisa kwamba alikuwa amelala.